Nichagulie Buibui Asiyekufa

Tanta, 6 Februari

Mpenzi mdogo wangu Shukri,

Salamu nyingi. Hujambo huko Iskandaria? Mgongo umepoa? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi; ya rohoni usiulize. Nakuandikia kwenye simu badala ya kukupigia kwa sababu nyumba ni ndogo na Hazim anasikia kila kitu, ingawa hasemi chochote.

Hajasema tangu aliporudi kutoka safari ya shule akakuta viti vya matanga vimepangwa barabarani na baba yake tumeshamzika. Arobaini imepita. Daktari anasema nisubiri. Nisubiri mpaka lini? Mtoto wa miaka kumi!

Jana nachambua majani ya mlukhia, nikasikia nyuma yangu: "Buibui." Sinia likanidondoka. "Buibui gani, roho ya mama?" "Kama wa mjomba." Basi, akafunga tena mdomo.

Mimi na wadudu wako unanijua. Nilikuambia mke atakukimbia, na mpaka leo huna mke. Lakini hata angeomba simba ningekwenda kumtafuta. Nichagulie, Shukri. Sitaki mzuri. Nataka ambaye hatakufa. Akifa na huyo, mwanangu sitampata tena.

Dada yako,
Ibtisam

Iskandaria, 7 Februari

Dada yangu, Mama Hazim,

Shikamoo. Mgongo haujambo, na maneno yako nimeyasoma nikiwa nimesimama.

Asiyekufa ni Mungu peke yake, ila wapo wanaochelewa. Tutachukua jike, maana dume akishakomaa hakawii kufa, na jike huishi hata miaka ishirini. Awe tarantula wa Meksiko, yule buibui mkubwa mwenye magoti mekundu: mzito, mpole kama shangazi Zahira akishashiba. Sokoni watakuonyesha wale wa buluu wanaometameta. Wana mbio na hasira, hawamfai anayeanza. Wala usinunue kitoto cha ukubwa wa dengu, ukikosea kidogo kimekwenda.

Au acha, usiende kabisa. Nitamtoa Narjis, jike wangu mwenyewe wa aina hiyo, nitamleta Ijumaa. Tafuta sanduku la plastiki, ulitoboe matundu, utie udongo mkavu vidole vinne, kifuniko cha kuwekea maji, na kigae cha kujifichia. Nyenje mmoja kwa wiki anamtosha. Msimshike: manyoya yake yanawasha, na akianguka anapasuka tumbo.

Mdogo wako,
Shukri

Tanta, 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi vipi? Hazim anasema! Maneno matatu, manne, lakini ni maneno. "Narjis kanywa." "Mama, funga dirisha, anasikia baridi." Juzi alinicheka nilipopanda juu ya kiti. Nilishuka nikaenda jikoni kulia.

Ila sasa Narjis hali. Nyenje anampanda mgongoni na yeye hana habari. Na Hazim naye hali. Nikimwekea sahani ananiambia, "Mpaka ale yeye." Mifupa yake naiona, Shukri. Nijibu upesi.

Dada yako,
Ibtisam

Iskandaria, 3 Machi

Dada, mtoe huyo nyenje. Kufunga kwao ni jambo la kawaida, hata miezi. Mwambie Hazim mjomba kasema ale, asimwige Narjis, yeye hana miguu minane.

Shukri

Tanta, 9 Machi, asubuhi

Shukri, amekufa. Nimemkuta chali, miguu juu. Hazim bado kalala. Nimeshachimba shimo kwenye chungu cha mnanaa kibarazani, kijiko ninacho mkononi. Nitamwambia ametoroka.

Kumkirimu maiti ni kumzika: si ndivyo mlivyoniambia wanaume siku ile, mkamzika mume wangu Rifaat kabla ya alasiri, na basi la shule liko njiani? Nifanyeje? Nijibu!

Ibtisam

Iskandaria, 9 Machi, adhuhuri

Dada, usimzike! Nilikuwa karakana, simu iko kabatini. Buibui anayekufa hukunja miguu chini ya tumbo. Anayelala chali anajivua ganda. Ni mzima! Usimguse, usimgeuze, ngozi yake sasa ni laini kama utando wa maziwa.

Nakupigia hupokei. Umemzika?

Shukri

Tanta, 11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, na unisamehe kimya changu. Sikumzika. Nilisimama na kile kijiko nikaona ninamfanyia mtoto jambo lilelile mara ya pili. Nikamwamsha. "Hazim, Narjis amekufa. Njoo umwone kwanza." Simu nikaisahau jikoni.

Tulikaa sakafuni. Alilia kilio ambacho hakumlilia baba yake, nami nikalia naye. Kisha mguu mmoja ukatikisika. Nikataka kukimbia, akanishika gauni: "Kaa, mama." Narjis akajitoa kidogo kidogo kwenye ganda lake, kama mtu anayevua soksi iliyombana, mpaka mchana akawa kalala kando ya ganda hilo, magoti mekundu mapya. Hazim akacheka hadi akashikwa na kwikwi. Akala sahani mbili.

Halafu akanitazama. "Mama, na baba mlimwangalia vizuri? Mlingoja?"

Nikainuka nikaondoa sahani. Mimi siku ile sikuona kitu kwa machozi. Leo asubuhi nimekuta kile kijiko kwenye mkoba wake wa shule, pamoja na chupa ya maji. Nimefunga mlango kwa ufunguo na nimeketi hapa mlangoni. Amekaa tu na viatu miguuni, anataka kwenda kwa baba yake.

Wewe ndiye uliyemwosha Rifaat. Njoo, Shukri. Naogopa.

Dada yako,
Ibtisam

Treni ya Tanta, 11 Machi

Dada yangu, niko njiani. Mwache akae na viatu vyake. Mwambie mjomba alimwangalia baba yake vizuri, akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamwita jina lake sikioni, akangoja, akamwita tena, na hakuitika. Mengine nitamwambia mwenyewe, na makaburini nitampeleka mimi.

Kijiko usimnyang'anye. Nitamwomba anipe.

Mdogo wako,
Shukri