Maneno Aliyopewa Mwanamke wa Kwenye Shuka

Shamba la Mkonge, Ngombezi,
Korogwe.
14 Novemba, 1966

Mpendwa wifi Hajira,

Salaam nyingi. U hali gani huko Mwanza, na kifua cha mtoto kimepoa? Sisi wazima. Eda ya kaka yako nimeimaliza mwezi uliopita, na mvua za vuli zimeanza vizuri.

Uliuliza kama ile picha ya zamani ya Amerika, isiyo na sauti, bado inaonyeshwa. Juzi Jumamosi iliwekwa ukumbini, kwenye ile shuka nyeupe ya ukutani, madirisha yamezibwa magunia, nami nikaenda. Ni mara ya kwanza kuitazama yote.

Unajua zamani nilikuwa nainamisha kichwa. Marehemu Muhidini akisimama kando ya shuka kutufasiria maneno ya bwana wa kwenye picha, alimsemesha yule mwanamke wake kwa sauti ambayo nyumbani sikuisikia. Mimi aliniuliza chumvi iko wapi. Nilijituliza kwamba anasoma tu yaliyoandikwa kwenye picha.

Wanaume wanaidharau, wanataka kauboi. Lakini wifi, ni picha nzuri. Bwana wake anapoondoka na treni, yule mwanamke anavua glavu kidole kimoja kimoja, taratibu, na unamwelewa bila neno. Roho iliniuma kukiri hivyo.

Sasa anayefasiri ni Hiza, karani wa kiwandani. Bwana aliporudi, Hiza akasema, "Haya mama, twende, ugali unapoa!" Ukumbi mzima kicheko. Nikajikuta nimesimama.

"Sivyo! Anasema, Nimerudi. Kila kituo nilishuka kukutafuta, ingawa nilijua nimekuacha huku."

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mjane kapata mchumba kwenye shuka!"

Hiza hakucheka. Akaniambia polepole, "Mama Mwaija, maandishi ya Kiingereza yanasema 'Nimerudi' basi. Hayo mengine ni ya mzee Muhidini mwenyewe."

Kumbe maneno alikuwa nayo, wifi. Alikuwa nayo, akampa yule, miaka saba, na mimi nalala naye kitanda kimoja. Naona wivu kuliko alipokuwa hai, na sina wa kumnunia.

Wewe umekua naye. Kama aliwahi kukusemesha maneno ya namna hiyo, tafadhali usiniandikie.

Msalimie bwana Sadala na watoto. Mwaija anakuamkia, shikamoo. Mungu awape afya na riziki, nami unikumbuke.

Wifi yako anayekupenda,
Mwantumu