Yule Atakayeelewa

Alhamisi. Baridi ya Julai, na mvua ambayo haijakatika tangu adhuhuri. Niko mtulivu kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo lenyewe linanitia mashaka.

Kwa miaka mingi nimesumbuliwa na swali moja: kwa nini wema wa kawaida, ule wa kumsemesha mtu vizuri na kumsitiri anapoelekea kuaibika, tunausifu sana lakini hatuukabidhi chochote? Sizungumzii wema mkubwa wa wafadhili na wa mashujaa. Nazungumzia ule mdogo, ambao hakuna anayeupiga picha.

Leo swali hilo limeketi nami mezani.

Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika chama cha ushirika cha maziwa hapa Eldoret. Nimeandika matangazo mengi ya kazi. Nimeomba watu wenye bidii, wenye kujiamini, wenye uwezo wa kufanya maamuzi magumu. Sijawahi kuandika kwamba tunatafuta mtu mwema. Ningeandika hivyo, wenzangu wangedhani nafanya mzaha.

Asubuhi, kamati yetu ya watu watatu ilikutana kumchagua msimamizi wa mapokezi ya maziwa. Waombaji walikuwa wawili, Roselyne na Wycliffe, na wote wamekuwa wapimaji wetu kwa miaka mingi. Wote wawili walihamia hapa kutoka upande wa magharibi, kwa hiyo lile swali la kabila, ambalo kwetu hutangulia maswali mengine yote, halikuwa na nafasi. Wycliffe aliitaka kazi hiyo kwa sababu ni cheo. Roselyne aliitaka kwa sababu baridi ya alfajiri imemharibu magoti, na msimamizi huketi ndani.

Tofauti yao nyingine kila mkulima wa maeneo ya Moiben na Ziwa anaijua. Maziwa yakifika hupimwa kwa kutiwa spiriti; yakiganda, ni dalili kwamba yameharibika, nayo hukataliwa. Desturi ya pale kwenye mlango wa mapokezi ni kwamba mpimaji hulitaja jina la mwenye maziwa kwa sauti, foleni nzima isikie, kisha mkebe husukumwa kando. Wycliffe hufanya hivyo, tena kwa madoido. "Ya Mzee Koech imekataa! Mzee, hii ni ya jana ama ni ya Krismasi?" Watu huvunjika mbavu. Mzee naye hucheka, kwa kuwa hana la kufanya, halafu huubeba mkebe wake bila kumtazama mtu.

Roselyne hatangazi. Humsogelea mwenye maziwa, husema naye kwa sauti ya chini, humwuliza kama ng'ombe ana uvimbe wa kiwele au kama mkebe ulioshwa kwa maji baridi. Huyakataa maziwa yaleyale ambayo Wycliffe angeyakataa. Nililithibitisha hilo kwa kusimama pale mwenyewe, maana sipendi kuliamini jambo kwa sababu tu linanipendeza.

Mzee Kirwa, mwenyekiti wetu, alifungua kwa sifa. "Roselyne ni mtu mzuri sana. Hakuna mtu anaweza sema vibaya juu yake." Papo hapo nilijua kwamba Roselyne ameikosa kazi. Sifa za namna hiyo nimezisikia zaidi matangani.

Mama Chebet, anayewawakilisha wakulima, hakuzunguka. "Sasa msimamizi ni wa kusema pole, pole, pole? Maziwa imeharibika itasikia pole?"

Tulicheka. Nami nilicheka.

Kisha Mama Chebet akaacha kucheka. "Na watu wanauliza. Huyu mama akinong'ona na mtu pale kando, wanapatana nini?"

Hoja hiyo ilinigusa, na hadi sasa sijaipatia jibu kamili. Tumedanganywa faraghani mara nyingi kiasi kwamba kelele imekuwa ushahidi wa uaminifu. Anayemwaibisha mwenzake hadharani tunaamini hana cha kuficha, anayemsitiri tunamshuku. Huenda hatukosei. Watu walioibiwa kwa minong'ono wana haki ya kuuogopa mnong'ono, hata ule wa huruma.

Hata hivyo nilimtetea. Nilisema kwamba wakulima wanaokataliwa na Roselyne hurudi kesho yake na maziwa safi, ilhali baadhi ya wale wanaochekwa huishia kuwauzia wachuuzi wa barabarani. Mzee Kirwa alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza.

"Madam, tuseme ukweli," akasema. "Wycliffe tukimnyima hii kitu, kesho ni vita. Ataenda kwa mkurugenzi, ataenda mpaka redio. Lakini Roselyne ataelewa."

Roselyne ataelewa.

Neno hilo lilikuwa kweli. Nilipoulizwa kama bado ninapinga, nilisema nitakuwa upande wa wengi. Kisha wakaniomba niipeleke habari mimi. "Wewe uko na maneno laini," Mama Chebet aliniambia, bila kejeli yoyote.

Nilimkuta Roselyne chumba cha nyuma akisuuza vyombo vya kupimia. Nilikuwa nimetayarisha sentensi kadhaa nzuri. Sikufika ya pili.

"Madam, usijisumbue. Najua umejaribu." Akanivutia kiti. "Na umekunywa chai kweli? Unakaa umechoka."

Nikaketi. Mimi ndiye niliyeketi.

Alijipangusa mikono kwenye koti lake jeupe, taratibu, kidole kwa kidole. "Walisema nitaelewa, sindio?"

Akacheka kicheko kifupi ambacho sikuweza kukisoma. "Basi mwambie Mzee nimeelewa."

Nje, pikapu ya maziwa kutoka Ziwa ilikuwa inapiga honi. Akashika ukingo wa meza ili anyooke, akatoka.

Tangu hapo nimekuwa nikiipitia upya nadharia yangu ya zamani, kwamba nyakati hizi ndizo zilizouharibu wema: simu zetu, mijadala yetu ya matusi, tabia yetu ya kuuita ukali ukweli na kuuita upole unafiki. Pengine ni kweli. Lakini leo hapakuwa na simu mezani. Walikuwepo watu watatu wenye adabu, waendao kanisani, ambao wote wanampenda Roselyne. Hatukuudharau wema wake. Tuliutegemea. Tulimpa kazi yule tuliyemwogopa, tukamnyima yule tuliyejua hatatuumiza, na jambo lililoturahisishia kumnyima ni sifa ileile tuliyoanza nayo kikao.

Naandika hayo, kisha nayatilia shaka. Wycliffe anaweza kuwa msimamizi mzuri. Hajawahi kuiba wala kuchelewa, na huenda mlango ule unahitaji sauti kubwa kuliko ninavyotaka kukiri. Isitoshe, mimi mwenyewe huitwa mpole. Mtu kama mimi ana kila sababu ya kutaka kuamini kwamba wapole wanadhulumiwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Nilipotoka chumba kile nilitamani Roselyne angenipigia kelele. Nimejiuliza jioni nzima kwa nini, na jibu halinipendezi. Angepiga kelele, ningerudi ofisini nikijiambia kwamba kumbe kamati iliona vizuri, huyu hana utulivu wa msimamizi. Hakupiga, nami nikarudi ofisini nikiwa nimefarijiwa na mtu niliyekwenda kumfariji. Njia zote mbili zingenifikisha mimi kwenye kiti na yeye kwenye baridi.

Kwa hiyo siwezi bado kusema kwa nini wema hauthaminiwi. Anayeuliza ni mtu ambaye wema huo, leo, umemfaa sana. Sidhani nitaona vizuri nikiwa nimesimama hapa, na sijui pa kusimama pengine bila kwanza kurudi kwa Mzee Kirwa na kumwambia kwamba nimeondoka upande wa wengi.

Uteuzi utabandikwa ukutani kesho saa nne. Roselyne atakuwa mlangoni tangu alfajiri, na akiniona, atanisalimu vizuri.