Sikio la Injeniere

Alhamisi jioni, mtaa wa Mapendo

Na kesho injeniere atapiga magoti, atake asitake.

Sijasahau ile siku handaki la maji machafu tunalochimba lilipofika chini ya barabara yetu. Niligonga sakafu yake kwa mutaimbo, kama baba alivyonifundisha kufanya kabla ya kuchimba choo katika mawe haya ya volkano. Jiwe likalia kama ngoma. Nikamwambia injeniere: "Papa, chini hapa kuna pango. Tulijaze kwanza."

Akacheka mbele ya watu wote. "Muzee, wewe vunja mawe. Kusikiliza mawe ni kazi ya waganga."

Tangu hapo vijana wa kazini wananiita Muganga. Hata yule ninayemgawia muhogo wangu.

Leo wamefungulia maji ya kujaribu. Yaliingia mengi huku juu, kule mwisho halikutoka hata tone. Wakubwa wa injeniere walisimama kungoja, viatu vikavu. Sikucheka. Nilitafuna muwa wangu polepole.

Kinachonitia hofu ni kwamba binti yangu anaishi juu ya handaki lile, na wajukuu. Siku yakipita maji machafu yenyewe, yakazama pangoni chini yao...

Jioni injeniere amekuja kwangu, amekataa hata kukaa. "Muzee, nionyeshe pengine panapolia."

Nitamuonyesha pote, bila kumdanganya. Lakini nimempa sharti: mutaimbo nitashika mimi, sikio la kuweka chini litakuwa lake, na atapiga magoti na ile suruali yake nyeupe ya kila siku. Na kila nikigonga, atawaambia vijana wote, kwa sauti, jiwe limesema nini.