Njia ya Kiangazi

Milanzi, Sumbawanga
20 Aprili 2024

Dada yangu Avelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Wampembe, na watoto nao hawajambo. Sisi huku tunapumua. Mahindi yamekomaa, mvua ndiyo inatuaga.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwezi wa saba unahamia na watoto kwenye nyumba uliyomjengea marehemu mama. Nilitaka kukupigia simu, nikashindwa. Kwenye simu ungeniuliza maswali nami ningedanganya tena, maana najijua. Usije, dada. Nyumba ile haifai.

Uliponituma kukagua kile kiwanja, uliniagiza nichimbe shimo la kufika kifuani, niulize na majirani maji yanakaa wapi masika. Basi nilikwenda Septemba. Ardhi ngumu, sululu inadunda, nyufa zinameza mkono. Fundi akasema huo ni udongo wa mbuga, ukinywa maji unavimba, tutafute pengine. Nilimwambia aache woga. Tulichimba hadi magotini tu, tukaenda kunywa chai.

Na njia je! Unajua desturi ya kwetu, mavuno yakiisha shamba ni la wote, wapite ng'ombe, wapite watu. Hata lori la tofali lilikatiza shamba la jirani, mzee Teodori, likafika kiwanjani. Nikakuambia barabara ipo. Mimi huyu, niliyekulia kwenye matuta!

Mvua zilipoanza, mzee Teodori akapiga matuta yake mpaka mpakani kwetu, kama ilivyo haki yake. Tukabaki na kupita bondeni, kwenye tope. Ukuta wa chumba cha mama ukapasuka, sakafu ikatoa maji. Nilimsihi ahamie kwangu, akagoma, akasema hawezi kuiacha nyumba ya Avelina. Kifua kikambana wiki tatu.

Siku ile ya Februari gari la kumpeleka hospitali liliishia barabara kuu. Tulimbeba kwa machela watu wanne kupitia bondeni, tukaanguka naye mara mbili. Ee Mungu wangu, mama yangu alikata roho kwenye tope, hata gari hatujaliona. Wewe nilikuambia amefia hospitali. Msiba nikauweka kwangu, nikahakikisha hufiki kule.

Sasa neno lenyewe, maana mficha uchi hazai. Mzee Teodori alinionya. Kabla hatujasaini kununua kiwanja alikuja mwenyewe nyumbani, akaniambia pale kwake hakuna njia, nisubiri masika nijionee. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilinyamaza kwa sababu ulishasema kiwanja kikikosekana utamchukua mama akae kwako Wampembe. Nilitaka abaki na mimi. Mtu mzima na ndevu zangu, nilimwonea wivu dada yangu.

Pale kaburini ulinishika mkono ukanishukuru kwa kumtunza.

Wasalimie watoto, uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Misa ya kumwombea mama ni Jumamosi ya mwisho ya Mei. Ukisema nisisimame na familia, nitakaa benchi la nyuma, wala sitauliza kwa nini.

Mdogo wako,
Kasmir