Mwanne, Foronya ya Pili Bado Imo Ukutani

Mwaka umetimia, Mwanne binti Abbasi, tangu ukuta wa nyumba yetu ya zamani kule Goweko ulipokuangukia. Mvua zimeanza tena. Ukuta wa pili bado umesimama.

Ulikuwa na mkono mwepesi. Ulidarizi, ulifuma, ulishona viraka vya kanga kuukuu juu ya gunia, ukapitisha humo ule uzi wa kufungia tumbaku ambao wenzio waliutupa. Vitambaa vyako vilinuka tumbaku na watu walivigombea. Hukuviuza. "Nikianza kuuza nitaanza kuharakisha," ulisema. Aliyefiwa ulimpelekea kimoja, aliyejifungua kimoja, hata yule mwenye mdomo mchafu kule kisimani alipata chake.

Foronya mbili za mwanao Mwanajuma zilikuchukua miaka mitatu. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe na foronya moja. Husemwa atalala peke yake kabla ya mwaka kuisha. Tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya, uliogopa vumbi la lori na mikono ya watu. Ukazitia katika mashubaka mawili, moja kila ukuta, ukaziba kwa udongo. Kaka yako Twalibu akacheka.

"Mbona umezitenganisha?"

"Mwizi wa foronya moja, kaka, atalalia sikio gani?"

Ulidhani lori litarudi kuchukua vilivyobaki. Halikurudi. Twalibu ndiye aliyerudi, akang'oa mabati akaezekee nyumba mpya. Kuta zikabaki wazi. Mvua ikanyesha siku tisa.

Hapo ukamwomba baiskeli.

"Vitambaa havina miguu, Mwanne. Ngoja kiangazi."

"Na mchwa nao wanangoja kiangazi?"

Alikunyima. Ukaenda kwa miguu, na jembe. Alijua udongo ule umelowa mpaka ndani, maana aliukanda kwa miguu yake mwenyewe siku za kujenga. Hakukufuata. Anayasema haya mwenyewe ili asisemewe.

Jirani yetu Kornel ndiye aliyekukuta na kukufukua. Foronya moja ilikuwa kifuani pako, kavu.

Harusi ni baada ya Idi. Jumatatu iliyopita Mwanajuma alikutwa nje ya kijiji, kanga kaifunga kiunoni, jembe begani.

"Unakwenda wapi?" Twalibu akamuuliza.

"Kuni, mjomba."

"Kuni zinachimbwa tangu lini?"

Alitazama upande wa Goweko, vilevile kama ulivyokuwa ukitazama wewe.

Jumamosi Twalibu na Kornel wataufunga ukuta ule kamba na kuuvuta wakiwa mbali. Foronya ikitoka, heri. Isipotoka, mtoto ataolewa akiwa na foronya moja, na mwenye la kusema aje alisemee kwa Twalibu. Mpaka siku hiyo hatumwachi atoke peke yake. Jana aliamka akatueleza shubaka liko upande gani wa mlango na kimo chake kutoka chini. Anasema umemwelekeza wewe. Sisi hatukuwahi kumwonyesha.

Dada, kama ni wewe kweli, mwache.

Unakumbukwa na kaka yako Twalibu, wifi yako Kuluthumu, mwanao Mwanajuma, na majirani Kornel na Leonia. Mungu akurehemu. Maadamu tuko hai, jina lako halitatutoka midomoni.