Setilaiti Niliyoisahau

Mwenzangu, nimeumbuka! Usipige, nimejifungia chooni hapa kazini.

Unaijua ile kazi yangu ya kukadiria kwenye kompyuta mionzi itakayokisumbua kifaa chetu cha kunasa miale ya gama huko angani? Miezi minne! Leo nimeionyesha kikaoni. Mionzi kidogo mno, mpaka bosi akapiga makofi.

Fundi wa vyuma akanyoosha kidole kwenye picha: "Mwanangu, setilaiti yenyewe ya kukibeba kifaa iko wapi?"

Iko wapi!! Niliiondoa kwenye kompyuta nikijaribu kitu, nikasahau kuirudisha. Kifaa kinaelea peke yake kama puto! Na chuma cha setilaiti kikishapigwa na mionzi ndicho kinachotoa usumbufu mkubwa kuliko wote.

"Setilaiti yenyewe iko wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu nikakumbuka. Wiki iliyopita, kwa namba zangu hizo hizo nilizomtumia mapema, bosi aliagiza lile bamba la kukikinga kifaa na mionzi lichongwe libaki nusu ya unene. Hatuna jingine!

Nikamkimbilia fundi mlangoni. "Mzee, bamba umeshalichonga?"

Akanitazama weee. "Bado. Namba zako zilikuwa nzuri mno, nikaziogopa."