Hewa Watakayoizika Karibu na Kisima Chetu

Mpendwa baba,

Nakusihi, barua hii akusomee dada peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kisha muichome. Neno moja likirudi huku Bariadi, kazi sina.

Unakumbuka kiangazi kile tulipochimba kisima mchangani, mtoni Bukundi, kabla hujahamia Rukwa na ng'ombe? Maji yalipotokea nilikimbilia kuwaswaga ng'ombe, ukanidaka shati. "Mchimbaji hunywa kwanza, watu wakimwona." Ukanywa, ukakaa hapo hadi jioni, ndipo majirani wakaleta mifugo yao. Nilidhani ni majivuno.

Siku hizi kampuni za nje zimeruhusiwa kuja. Hii iliyoniajiri ukarani inatafuta mafuta. Ikiyapata, itasukuma chini ya ardhi hewa ya kaboni, ile ya moshi wa viwanda, iyatoe mafuta yaliyong'ang'ania miambani, yenyewe ibaki huko. Inataka kufanya hivyo pale pale kwetu, lilipo lile shimo refu walilotuachia watafiti wa zamani.

Kwenye mkutano wa kijiji mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mhandisi alieleza kwamba shimo la zamani lisipozibwa vizuri kwa saruji, hewa inaweza kupandia humo na kuharibu maji ya visima. Bosi akaninong'oneza, "Hayo ruka." Nikayaruka.

Baba mdogo akainuka. "Hiyo hewa mnayoizika, haitafufuka siku ya tatu?" Watu wakacheka.

"Haitoki," nikasema.

"Basi. Ng'wanawane, mwanangu huyu, kasema, mimi nani nibishe?" Akaketi, akinitazama kwa fahari. Baba, heri angenitukana.

Eneo ni la ukoo, na wazee wanasubiri neno lako tu. Usikubali kabla shimo halijazibwa mbele ya macho yao. Ilinipasa niwaambie mimi, lakini mshahara huu ndio unaowasomesha wadogo zangu, na zaidi ya hapo, mimi ni mwoga. Naona haya hata kukuamkia.

Jibu lisije ofisini. Mpe mchuuzi wa ng'ombe anayekuja mnadani, amwachie mama muuza uji nyuma ya kinu cha pamba. Ukija mwenyewe, niulizie kwake hapo hapo, kampuni usiitaje. Akikwambia nimeacha kazi, usinitafute tena mjini. Nenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Nitakuwa nimeshawaambia.

Mwanao uliyemsomesha